Viatu vya Sitaha, Namba Arobaini na Tano

Jumatatu, 3 Juni

Viatu vimefika. Si vyangu!

Mtunza stoo alilifungua sanduku mbele ya dirisha langu la tiketi. Makusudi, naapa. Baridi ya kukata masikio, ukungu umefunika maji yote, na yeye anatoa jozi moja moja taratibu kama mtu anayetoa mikate kwenye tanuri. Viatu vya sitaha vya majira ya baridi. Sijawahi kuona kitu cha namna hiyo. Ngozi nene ya kahawia, imepakwa mafuta hadi tone la mvua linateleza lenyewe. Soli ya mpira mweupe, imechanjwa vijistari ili mtu asianguke sitaha ikilowa. Kamba ya ngozi inazunguka kisigino chote, inapita kwenye vitundu vya shaba, inakuja kufungwa mbele. Shingo imepanda hadi juu ya kifundo. Na ndani, manyoya! Nilitia mkono. Joto kama kitanda ulichotoka sasa hivi. Mtunza stoo akaniambia nitoe mkono.

Wafanyakazi wote wa kivuko wamepewa. Nahodha, fundi mitambo, mabaharia wa kamba, Mama Mpishi wa jiko la chini. Hata Filimbi! Filimbi ndiye mkaguzi wa tiketi. Mimi nauza, yeye anatoboa. Ndiyo kazi yake yote hiyo, kutoboa nilichouza mimi, kisha anapuliza filimbi chombo kikiondoka. Yeye kapewa, mimi sikupewa.

Nikamwuliza mtunza stoo jozi yangu iko wapi. Akasema viatu ni vya watu wa majini, mimi ni mtu wa nchi kavu. Nikamwambia kibanda changu kimesimama juu ya nguzo na chini yake kuna maji, kwa hiyo kisheria naelea. Akanitazama, akafunga sanduku.

Filimbi alipitapita mbele ya dirisha asubuhi nzima, ananyanyua magoti kama jogoo. Nikajifanya napanga chenji.

Mchana walishuka wote jikoni kula. Dirisha la jiko la kivuko, chombo kikiwa kimefungwa gatini, linatazamana na langu. Naona mvuke, naona mikono, nasikia vicheko. Nilikula mkate wangu karibu na hita. Hita yangu ina mguno kama wa mtu. Wakati mwingine naijibu.

Jioni nikapiga simu ng'ambo kama kawaida. Huko kuna kibanda kama changu, na mwanamke anayekata tiketi za kurudi. Kila jioni tunalinganisha idadi ya abiria, asije akabaki mtu. Hatujawahi kuonana. Mimi namwita Ng'ambo. Yeye naye ananiita Ng'ambo, maana kwake ng'ambo ni huku. Nilimsimulia habari za viatu. Akasema huko nako baridi, miguu yake imekuwa kama ya mtu mwingine. Nikatafuta la kumjibu. Nilipolipata, alikuwa ameshakata simu.

Jumanne, 4 Juni

Mpango wa kwanza: ajali kazini.

Nilimwendea meneja wa gati nachechemea. Nikamweleza kwamba nimeteleza kibandani kwa sababu ya viatu vyangu vya soli nyembamba, na kwamba nimenusurika kwa kudra tu. Ushauri wangu: viatu vya sitaha, upesi iwezekanavyo. Meneja akauliza mtu anayefanya kazi amekaa anatelezaje. Swali la hila! Nikamwambia ni jambo gumu kulieleza kwa maneno. Akasema basi twende nikamwonyeshe.

Tukaenda. Filimbi akatufuata, hana hata aibu. Nilikaa kitini, nikavuta pumzi, nikateleza. Niliteleza vizuri mno. Mguu wa kiti ukavunjika, nikashika rafu, rafu ikaja nami, na bunda zima la tiketi likatawanyika gatini. Upepo ukafanya yaliyobaki. Abiria wakasaidia kuokota. Mmoja aliokota yake akapanda nayo.

Meneja akasema ameona wazi kwamba tatizo si viatu, ni kiti. Ameahidi kiti kipya. Mpaka kije, nauza tiketi nikiwa nimesimama. Kwa viatu vile vile vya soli nyembamba!

Sasa nachechemea kweli. Hakuna aliyeuliza.

Ng'ambo tu. Alisema sauti yangu leo inatokea juu, kwani kumetokea nini? Nikamwambia nimepandishwa cheo. Akanipongeza kwa moyo mkunjufu. Ikanibidi nimshukuru.

Jumatano, 5 Juni

Habari kubwa! Kuna jozi imebaki stoo. Ilikuwa ya baharia mmoja aliyeacha kazi akamfuata mchumba wake mbali huko. Namba arobaini na tano. Mimi navaa arobaini na moja. Ni suala la msimamo tu.

Nikamwambia mtunza stoo kwamba mguu wangu ni arobaini na tano. Akauangalia. Nikamwomba asiuangalie saa hizi, baridi imeusinyaza, jioni hurudi ukubwa wake. Akasema basi nije jioni.

Mchana nilikimbia nyumbani. Mwenye nyumba wangu ana buti kubwa za kumwagilia bustani, huziacha ngazini. Nikaziazima bila kumsumbua. Nikajaza matambara kwenye ncha. Jioni nikaingia stoo natembea kama tembo aliyetoka kulala. Mtunza stoo akapima kwa rula. Arobaini na tano kamili! Kisha akabonyeza ncha ya buti kwa kidole gumba, kama wafanyavyo wauza viatu. Akabonyeza tena, kwa nguvu. Akasimama, akanikanyaga kwa uzito wake wote huku ananitazama usoni.

Nilikuwa natabasamu. Nilisahau kwamba ilipaswa kuuma.

Akakaa juu ya sanduku, akashusha pumzi.

"Bwana Tiketi," akasema, "kwani wewe unataka nini hasa?"

Nikamwambia viatu.

"Viatu tu?"

Viatu tu! Stoo kuna kitu gani kingine?

Akavitoa rafuni akanipa. Nimemshinda kwa akili, hoi kabisa. Ila kaweka sharti: viatu ni vya watu wa sitaha, kwa hiyo Jumamosi, safari ya kwanza, nikashike kamba na kuvuka na wenzangu, meneja aone. Nikasema hakuna tabu.

Tabu ipo. Sijawahi kupanda kivuko. Miaka yote hii nimewapeleka ng'ambo watu wa mji mzima, mimi mwenyewe sijavuka. Yale maji yakinitazama, mimi hutazama pembeni. Hakuna anayejua, wala asijue mtu.

Alhamisi, 6 Juni

Nimevivaa!

Ncha zote mbili nimezijaza tiketi za mwaka jana. Nikitembea mguu unatangulia, kiatu kinafuata nyuma kikisema chwaka. Lakini joto lake! Na heshima yake!

Baada ya kazi nilirudi nyumbani kwa njia ndefu. Nikapita kwa kinyozi, nikapita kituo cha mafuta, nikapita kituo cha basi mara mbili. Hakuna aliyeangalia chini. Watu siku hizi wanaangalia simu. Simu nayo iko chini, lakini haifiki viatuni. Nikaingia dukani kununua sabuni ambayo ninayo. Nikaweka mguu juu ya kreti la soda, nikaegemea goti, nikamwambia mwenye duka kwamba upepo wa leo hauaminiki. Akasema nitoe mguu kwenye kreti.

Dada yangu mkubwa alipiga simu. Nikamwambia nimekuwa baharia. Akauliza kama ninakula. Nikamwambia nakula na wenzangu jikoni kwenye chombo, kila mchana, tunacheka mpaka mbavu zinauma. Alifurahi, sauti ikamlainika kabisa. Nikajuta kwa nini sikumwambia uongo huu zamani.

Wakati wa chakula cha usiku niliviweka viatu kwenye kiti cha pili, upande wa pili wa meza. Kile kiti hukaa bure tu. Chumba kikaonekana kina watu.

Ijumaa, 7 Juni

Mazoezi ya kamba.

Nilitafuta kipande cha kamba, nikaanza kufunga mafundo kwenye komeo la mlango wa kibanda, kwa ndani, kama ninavyowaona mabaharia. Fundo la kwanza lilifunguka lenyewe. La pili hivyo hivyo. La tatu halikufunguka tena. Nililivuta, nikalibembeleza, nikaliuma kwa meno. Wapi! Na wakati huo ndio natakiwa nitoke nikafungue geti la abiria. Foleni ikavimba mpaka barabarani. Mzee mmoja akawa anagonga dirisha kwa mpini wa mwavuli, anauliza kama kivuko kimekufa au nimekufa mimi.

Filimbi akaja. Akapenyeza mkono kwenye upenyo wa mlango, akavuta ncha moja. Moja! Fundo likayeyuka.

Kibaya zaidi, hakucheka. Abiria walipokwisha kupanda, alirudi akakaa kizingitini, akanionyesha polepole: pitisha chini, zungusha, rudi ulikotoka, kaza. Akanifanya nirudie mpaka nikapata. Kisha akasema, "Bwana Tiketi, leo njoo ule nasi. Mama kapika vizuri."

Mtego huo. Anataka kuniweka mezani mbele ya wenzake, asimulie kisa cha fundo nikiwapo. Nikamwambia nina hesabu za kufunga. Akasema haya. Akasimama kidogo pale mlangoni. Nikangoja aseme tena. Mimi nina kanuni yangu: anayekualika mara moja amefanya adabu, anayerudia ndiye anayekutaka. Hakurudia. Nahodha naye alinikaribisha nilipoanza kazi hapa, mara moja tu, na mpaka leo naingoja ya pili.

Nilikula na hita. Walicheka sana huko. Nadhani ni mimi.

Jumamosi, 8 Juni

Nimevuka! Tusiulizane nimevukaje.

Au basi, niandike. Asubuhi mvua nyembamba, baridi imeshika mifupa. Meneja kasimama chini ya mwavuli. Kazi yangu: kufungua kamba kwenye nguzo ya gati, kumtupia baharia, kisha kurukia chomboni. Fundo likafunguka. Nikatupa kamba, baharia akadaka. Mpaka hapo, hongera kwangu. Kati ya gati na chombo kuna nafasi ndogo, na ndani ya nafasi hiyo kuna maji, meusi, yanapumua. Nikafumba macho, nikapiga moyo konde, nikaruka.

Mguu wa kulia ulifika na kiatu chake. Wa kushoto ulifika peke yake.

Kiatu kilibaki ukingoni mwa gati, kikafikiri kidogo, kikaanguka. Na kikaelea! Hilo lazima nilishuhudie kwa haki: kilikaa juu ya maji wima, kamba imefungwa vizuri, kinakwenda zake, nyuma yake tiketi za mwaka jana zinakifuata kama bata. Abiria wakashangilia. Nahodha akazima injini, pangaboi lisije likakitafuna. Filimbi akalala kifudifudi sitahani na ule mti mrefu wenye ndoana, akakivua. Akapuliza filimbi. Meneja akaondoka bila kusema neno.

Nikataka kushuka. Gati ilikuwa imeshakwenda. Yaani sisi ndio tuliokuwa tumekwenda. Nikakumbatia nguzo ya bendera, nikaamua kuishi hapo. Mama Mpishi akaja akanibandua vidole kimoja kimoja, akanishika mkono, akanishusha jikoni. Chumba kidogo, dari ya kugusa kwa kichwa, benchi mbili na meza iliyopigiliwa misumari sakafuni. Kiatu akakigeuza mdomo chini karibu na jiko. Chai akanipa ya moto, kikombe cha bati. Fundi mitambo akasogea kunipisha. Filimbi alikuwa amelowa mpaka kwapani, anajikausha kwa taulo la sahani.

Mama Mpishi akakaa mbele yangu.

"Bwana Tiketi, hivi sisi tulikukosea nini?"

Nikamwambia hakuna walichonikosea.

"Sasa mbona huji kula? Kila mchana nakuona kule kibandani peke yako, unachezesha midomo."

"Kazi nyingi, Mama."

"Kazi gani? Mchana si unafunga dirisha?"

Fundi mitambo akasema, kwa upole tu, kwamba wao siku zote walidhani najidai, kwa kuwa mimi ndiye mshika fedha. Mimi! Najidai! Nilitaka kucheka, ikatoka sauti nyingine. Nikasema ni moshi. Jiko lenyewe ni la gesi. Mama Mpishi akafungua dirisha hata hivyo, moshi utoke.

Tulipofika, wakasema nipande juu ninyooshe miguu wakati abiria wanashuka. Kiatu bado kimelowa. Nikatoka hivyo hivyo, kiatu kimoja na soksi moja, niikanyage tu ng'ambo mara moja niseme nimefika. Na hapo mbele yangu, kibanda. Rangi kama ya kwangu, dirisha kama langu. Ndani mwanamke wa makamo, miwani inaning'inia kifuani kwa uzi, sweta la kijani alilofuma mwenyewe, nasema hivyo kwa sababu mkono mmoja umezidi mwingine. Sindano za kufumia ziko juu ya kaunta. Alikuwa anakula peke yake karibu na hita, na midomo yake ilikuwa inakwenda, na si kwa kutafuna.

Akainua macho, akavaa miwani.

"Mtu mzima mmoja?"

Sauti ile ile! Miaka yote hii nimejiandalia maneno ya siku hii. Ninayo maneno mazuri. Nikasema, "Ndiyo." Nikalipa. Akachungulia chini kupitia kioo.

"Kiatu kimekwenda wapi, kaka?"

"Kinakuja," nikasema.

Nikaondoka na tiketi yangu. Mfanyakazi wa kivuko, mwenye haki ya kupanda bure, nimenunua tiketi! Lakini ningefanyaje? Mtu hajitambulishi kwa mara ya kwanza akiwa na soksi inayotoa maji. Kuna mambo hayarudiwi.

Jioni simu. Hesabu zetu zikakataa kulingana. Kwake kulikuwa na mtu mmoja amerudi ambaye kwangu hakwenda. Tukarudia. Tukarudia tena. Nikamwambia aliache, mimi nitalishughulikia. Ndipo akasema, taratibu, kwamba leo alikuja mtu mmoja dirishani na kiatu kimoja. Mguu umelowa, masikini, anatetemeka. Lakini ana uso mzuri. Uso wa mtu mpole. Mpaka sasa hajamtoka akilini.

"Unamjua?" akauliza.

Nikamwambia simjui.

Jumapili, 9 Juni

Hakuna kazi. Mvua.

Uso mzuri, kasema. Nimekaa mbele ya kioo muda mrefu. Nimeutazama wa mbele, wa pembeni, wa kuchungulia. Sijaona alichokiona.

Sasa sikiliza. Huyu mtu anayemfikiria ni mimi. Hilo silikatai. Lakini yeye hajui kuwa ni mimi. Kwa hiyo anayemfikiria si mimi, ni mtu mwingine, mwenye uso mzuri. Nimelipindua jambo hili kila upande, na kila mara natoka na jibu lile lile.

Nina mpinzani.

Jumatatu, 10 Juni

Kiatu cha kushoto kimekauka. Kimekuwa kigumu kidogo, lakini hakijaharibika. Viatu madhubuti hivi. Chwaka yake imebadilika sauti.

Mchana Mama Mpishi aligonga kifuniko cha sufuria dirishani kuniita. Kisha akamtuma Filimbi. Mara mbili! Kwa kanuni yangu, wananitaka. Nilikuwa nimeshashika mpini wa mlango. Kisha nikatafakari. Wameanza kunitaka lini? Nilipovaa viatu. Basi nikienda haraka hivi watanizoea, na mtu akizoeleka anashuka bei. Nikasema kesho. Filimbi akauliza kesho kweli? Nikamwambia tutaona. Nilimwona kupitia dirisha la jiko anawaeleza. Mama akarudisha sahani moja kabatini.

Jioni, Ng'ambo akaanza tena. Nimepata habari zozote za yule mtu? Nikasema nimefanya uchunguzi. Nikamwambia kwa masikitiko kwamba yule ni mlevi, kiatu cha pili kakipoteza kwenye kamari. Akasema hakuonekana mlevi. Nikaongeza kwamba ana wake sehemu nyingi. Hapo nadhani nilizidisha chumvi.

"Hata hivyo," akasema, "mlevi naye ana miguu."

Anamfumia soksi! Nzito, za sufu, kwa uzi uliobaki kwenye sweta lake. Akaniuliza mimi nadhani mguu wa mtu yule ni namba ngapi.

"Arobaini na moja."

Limenitoka! Akauliza nimejuaje. Nikamwambia ni uzoefu wa kazi.

Jumatano, 12 Juni

Filimbi kaleta kifurushi kutoka ng'ambo. Maagizo ni kwamba nikimwona yule bwana wa kiatu kimoja akipita gatini, nimpe, na nisimwambie katoa nani.

"Lakini si wewe huyo?" Filimbi akauliza.

Nikamwambia anyamaze.

"Nimwambie yule mama kwamba ni wewe? Nikienda safari ya sasa hivi namwambia tu, ni maneno mawili."

Nikamwambia akithubutu sitamsemesha maisha yangu yote. Akasema sawa, lakini akawa ananitazama kama unavyomtazama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa.

Nilipobaki peke yangu nikafungua. Soksi za kijani, nene kama blanketi, moja ndefu kuliko mwenzake. Nikafunga dirisha. Nikazivaa, kwa ukaguzi tu. Kisha nikatoa tiketi zote kwenye ncha za viatu, nikatia mguu.

Vikanienea! Namba arobaini na tano, vikanikaa kama nilizaliwa navyo. Nilitembea kibandani kutoka ukuta hadi ukuta. Hakuna chwaka. Joto likapanda vifundoni, likapanda magotini, likafika mahali ambapo kwa muda mrefu hapajafika kitu. Nikasimama katikati ya kibanda, sifanyi lolote. Abiria wakagonga. Nikawaacha wagonge.

Kisha nikakumbuka. Kila tundu la uzi huu alilifuma akimfikiria yule mwingine.

Nikazivua haraka sana.

Alhamisi, 13 Juni

Nimemaliza kazi. Ushindi kamili.

Asubuhi nilizikunja zile soksi vizuri, nikazifunga, nikampa Filimbi azirudishe ng'ambo na ujumbe kwamba mhusika hapatikani. Filimbi alikishika kile kifurushi muda mrefu, anakigeuzageuza.

"Bwana Tiketi," akasema, "kichwa chako ni kizima kweli?"

Sijawahi kuwa mzima kama leo. Wivu tu huo. Akaondoka nacho.

Jioni nikapiga simu mapema kuliko kawaida. Nikampa Ng'ambo taarifa rasmi: yule bwana kahama. Mbali. Hatarudi tena upande huu wala upande ule. Akasema si neno, atazifumua zile soksi, uzi usiharibike bure.

Halafu akasema, kwa sauti ya chini kidogo, "Na wewe je, Ng'ambo? Wewe miguu yako haipati baridi?"

Swali la kupima mwanamume! Nashukuru nilikuwa macho.

"Mimi?" nikacheka. "Mimi nina viatu vya sitaha, vya manyoya. Sijui hata baridi ikoje. Sihitaji kitu."

"Haya," akasema. "Basi vizuri."

Akaniuliza idadi ya abiria, nikampa. Zimelingana.

Kwa hiyo mambo yako hivi. Mpinzani nimemwondoa, tena kwa maneno tu. Uwanja ni wangu. Viatu vimerudia chwaka yake, na vidole sivisikii tangu saa za mchana, lakini hayo ni madogo. Nimesikia stoo kuna koti la nahodha wa zamani, la vifungo vya dhahabu, limekaa tu. Nikishalipata, mwezi huu au ujao, au kabla mwaka haujaisha, nitavuka na kujitambulisha kwake kama mtu. Hakuna haraka yoyote.

Sasa hana mtu mwingine wa kumfikiria.